Kijiji kinataka nisome wasifu wa baba, mama hataki

BARUA

Mshauri, shikamoo.

Mimi ni mwanamke wa miaka 31, kifunguamimba katika familia ya watoto watatu. Naishi na kufanya kazi Dodoma, nina mume na mtoto mmoja. Kwetu ni kijiji kilicho kando ya Reli ya Kati, wilayani Kilosa. Mwezi ujao baba yetu anatimiza mwaka tangu afariki, na hilo ndilo lililonifanya nikuandikie.

Baba alikuwa mtu wa reli. Alianza kama kibarua akiwa kijana, akaajiriwa kwenye gengi, mpaka akawa nyapara. Kwa wasiojua maisha ya gengini, kazi ya gengi ni kuitunza njia ya reli. Asubuhi anatoka na nyundo na spana ndefu, anatembea kipande chake chote, anakaza nati, anatazama taruma la kulalia reli lililochoka na kokoto zilizokimbia chini ya reli. Mvua ikinyesha usiku ndiyo hapati usingizi kabisa. Anachukua taa anakwenda kuangalia kama maji hayajala tuta, maana treni ya abiria inakuja na watu wamelala ndani. Alistaafu mwaka 2019 akiwa na miaka 60.

Nje ya kazi, alikuwa mtu wa kujitolea wa Msalaba Mwekundu tangu sijazaliwa, mweka hazina wa kikundi cha kufa na kuzikana, na mwenyekiti wa jumuiya yetu kanisani. Mgonjwa akizidiwa usiku, watu walikuja kwetu. Mwanzoni alikuwa na baiskeli. Alipopata kiinua mgongo akanunua pikipiki, na pikipiki ile ilibeba wajawazito na watoto wenye degedege kuliko ilivyotubeba sisi. Alichangia damu kila baada ya miezi mitatu mpaka mwili ulipokataa. Siku ya mazishi sheikh wa msikiti wa jirani alikuja na watu wake, wakachimba kaburi bega kwa bega na Wakatoliki. Sijawahi kuona watu wengi vile kijijini kwetu.

Nyumbani nako alikuwepo, nisije nikamwonea. Jumapili baada ya misa alikaa chini ya mwembe na pasi ya mkaa, akanyoosha sare zetu za wiki nzima, akigeuza uso pembeni kupuliza majivu yasiangukie shati jeupe. Madaftari yetu aliyafunika mwenyewe kwa magazeti. Hakuwahi kumpiga mama, hakuwa mlevi, hakuwa na nyumba ndogo.

Sasa uongozi wa kijiji na kikundi chao wanataka kufanya kumbukumbu kubwa. Misa asubuhi, kisha watu wakutane uwanja wa zahanati, na jina lake liandikwe kwenye banda la kupumzikia ndugu za wagonjwa, ambalo yeye ndiye aliyesimamia ujenzi wake. Wameniomba nisome wasifu. Nilikubali hapohapo. Nilipompigia mama akanyamaza, kisha akasema, "Usisome. Wao walimpata, mimi nilimngoja."

Nikaenda nyumbani. Usiku mama akanieleza ambalo hakuwahi kuniambia. Mwaka 2003 uchungu wa mdogo wetu wa mwisho ulimshika usiku, baba hayupo, amempeleka mjamzito wa familia nyingine Kilosa mjini kwa baiskeli. Jirani ndiye aliyempakia mama kwenye baiskeli, naye mama akajifungulia njiani, kwenye majani. Baba alirudi asubuhi akakuta mtoto. Akapiga magoti, akaomba msamaha, mama akasamehe. "Lakini sitaki kukaa mbele ya watu nikisikia alivyowabeba wake za watu," akaniambia.

Huyo mdogo wetu hajui. Ana miaka 22 na kwake baba ni kama mtakatifu. Ndiye anayesema wasifu uwe wa sifa tupu, na kwamba marehemu hasemwi. Na mimi ninalo langu. Januari 2010, wakati wa mafuriko, baba alichukua mablanketi yetu mawili akayapeleka kwenye mahema ya waliobomokewa nyumba, na shule ilipofunguliwa nikapanda basi peke yangu na tranka langu kwenda bweni. Wazazi wa wenzangu wote walikuwepo. Si jambo kubwa, lakini halijatoka moyoni.

Kuna na hili. Watu bado wanagonga geti usiku. Mama ana presha. Viongozi wanasema mdogo wetu huyo wa mwisho achukue pikipiki na kuendeleza kazi ya baba, naye anataka, mama analia. Nimeikuta kaunta buku ya baba: mbele ameandika mambo ya kazi, nyuma ada zetu na dawa za mama, katikati majina ya watu aliowapeleka hospitali, kurasa kwa kurasa.

Nikisoma sifa tupu, najiona namfuta mama. Nikisema yote, namvua baba nguo hadharani. Nikikataa, kijiji kitasema tumeota mapembe. Nifanye nini?

Kifunguamimba, Dodoma

JIBU

Marahaba, mwanangu. Pole kwa kufiwa, na pole kwa mwaka mzima wa kubeba jambo hili huku watu wanakupa mkono na kukuambia baba yako alikuwa mtu wa watu. Najua sentensi hiyo inavyofariji na inavyochoma kwa wakati mmoja.

Nimeisoma barua yako mara nyingi. Umeniuliza swali moja, lakini humo ndani naona mambo matatu yamefungwa kwenye kanga moja: wasifu wa siku moja, jeraha la mama la miaka mingi, na geti linalogongwa usiku huu huu. Wasifu ndio unaokusumbua zaidi kwa sababu una tarehe. Mimi ningeanza kuhangaikia geti, na nitalifikia.

Kwanza nataka turudi kwenye maneno ya mama yako. Kwenye simu alisema usisome. Usiku ule, mkiwa wawili, alisema hataki kukaa mbele ya watu akisikia baba alivyowabeba wake za watu. Hayo si maneno mamoja. La kwanza linafunga mlango wote. La pili linagusa jambo moja tu, na linahusu zaidi yeye kukaa pale, akitazamwa, huku makofi yakipigwa kwa kitu kilichomuumiza. Huenda anamaanisha la kwanza kweli. Huenda pia alikuwa anakupa njia ya kupita. Wewe umechukua katazo la simu ukaliweka juu ya maelezo ya usiku, nami sina hakika kama yeye angeyapanga hivyo. Hilo ni la kumuuliza, tena kwa upole, mkiwa mnachambua mchicha au mnaosha vyombo.

Na ukimuuliza, msikilize kwa sikio jingine kidogo. Umeniandikia kazi za baba yako kwa ufundi mkubwa, mpaka nimeiona spana mkononi mwake. Mama yako katika barua hiyohiyo ananyamaza, anakusimulia machungu, analia, ana presha. Sasa niambie: watu walipogonga saa nane usiku, nani alifungua? Baba alipoondoka na baiskeli, nani alibaki na ndugu wa mgonjwa waliokuja wamelowa, akawasha moto, akawatafutia cha kuvaa? Mablanketi yale mawili yalipoondoka, nani aliwafunika kwa kanga zake? Mwanamume anayejitolea kwa kiwango cha baba yako, mara nyingi nyumbani kwake kuna mtu mwingine anayejitolea bila kizibao chenye msalaba na bila jina lake kuandikwa kwenye banda lolote. Inawezekana mama hapingi sifa za baba. Inawezekana amechoka kusikia sifa za kazi ya watu wawili zikipewa mmoja. Nasema inawezekana, maana simjui, nawe unamjua. Wapo kina mama ambao ukiwataja hadharani umewaponya, na wapo ambao umewaaibisha. Usimshtukize kwa kumtaja kama zawadi.

Nije kwa mdogo wako. Watoto wa nyumba moja hawalelewi na baba yuleyule. Wewe ulilelewa na nyapara aliyeamka na mvua. Yeye, tangu akiwa na miaka 16 hivi, alilelewa na mstaafu aliyekuwa nyumbani mchana. Sifa anazotaka zisomwe si uongo, ndivyo alivyomwona. Kwa hiyo kabla hujamhesabu kama anayekataa ukweli, fikiri kwamba anatetea wa kwake.

Habari ya kuzaliwa kwake ni ya mama yako. Si yako kuisema, wala si ya kipaza sauti. Lakini nakuomba utafakari kitu ambacho barua yako imekipita haraka. Unaandika kwamba hajui. Yupo jirani aliyempakia mama yake kwenye baiskeli. Wapo waliomwona akirudi na kichanga. Kijijini jambo kama hilo hukaa midomoni mwa watu kwa miaka, na siku ya kumbukumbu kutakuwa na wazee wanaopenda kusimulia. Akilisikia pale kwa mara ya kwanza, kutoka kwa mtu mwenye nia njema kabisa, itakuwa vibaya kuliko kulisikia kwa mama yake jikoni. Upande mwingine, akiambiwa sasa, wiki chache kabla ya siku hiyo, anaweza kuvunjika moyo, au kumkasirikia mama kwa kumchafulia baba. Hatari ipo pande zote mbili. Mama peke yake ndiye anayeweza kuamua ipi anaiweza, na wewe unaweza kumsaidia kwa kumweleza tu kwamba siri hiyo huenda si siri kama anavyodhani.

Na wewe, mwanangu. Umeliweka tranka lako katikati ya barua, ukasema si jambo kubwa, ukaondoka upesi. Mimi nimebaki pale kidogo.

Mafuriko yale nayakumbuka. Mwisho wa Desemba 2009 na Januari 2010, Mto Mkondoa ulivunja kingo ukaingia Kilosa, maelfu ya watu wakahamia kwenye mahema. Maji hayohayo yaliibomoa reli kati ya Kilosa na Gulwe, treni zikasimama kwa miezi. Baba yako alikuwa nyapara wa gengi na mtu wa Msalaba Mwekundu kwa pamoja. Kila alikokuwa anaitikia mwito, mwito mwingine wa siku ileile ulikuwa unamwita. Wa reli walimtaka kwenye tuta, wa mahema walimtaka kwenye mahema, na binti wa miaka 16 alimtaka kituo cha basi. Nakueleza hivi ili umwone alipokuwa amesimama. Sikuelezi ili uache kuumia. Sababu ya mzazi kutokuwepo inaweza kuwa nzuri kabisa na mtoto bado akawa alikuwa peke yake na tranka. Vyote viwili ni kweli na havifutani.

Kaunta buku nayo nimeifikiria. Ungependa, nahisi, ikuambie kitu. Ada zenu nyuma, watu wa kijiji katikati, dawa za mama nyuma pamoja na ninyi. Mtu anaweza kusoma hapo kwamba mliwekwa mwisho. Mwingine anaweza kusoma kwamba alifungua upande wa pili wa daftari ili mambo ya nyumbani yasichanganyike na ya watu, yawe na mwanzo wake. Daftari halitakuambia ni ipi. Lakini lina jambo jingine la haraka, niseme kabla sijasahau. Baba alikuwa mweka hazina. Hakikisheni hesabu za kikundi zilikabidhiwa, na kama kuna ukurasa wa michango humo, wapeni viongozi nakala kabla ya siku ya kumbukumbu. Jina lililotunzwa miaka yote lisije likapata doa kwa sababu ya daftari lililobaki kabatini.

Tuje kwenye kusoma. Unaziona njia tatu, na zote tatu umezifanya ziwe nyembamba: kusifu, kuvua nguo, au kukataa. Ipo desturi yetu kwamba marehemu hasemwi vibaya, na ninaiheshimu, kwa sababu hayupo kujitetea. Lakini desturi hiyo haikulazimishi kusema kila kizuri. Kuacha jambo bila kulisema si kudanganya. Na kusema gharama ya jambo zuri si kulisema vibaya.

Ukisoma sifa kama kamati inavyotaka, utawapa watu kitu wanachokihitaji. Usiwaone wana kelele. Yupo kwenye uwanja huo mama ambaye mtoto wake yuko hai kwa sababu ya baiskeli ya baba yako, naye ana haki ya kushukuru. Hatari yake umeishaisema mwenyewe: utarudi Dodoma na donge kooni, na mama atabaki nalo Kilosa.

Ukisema yote, pengine utapumua siku hiyo. Kesho yake mama ndiye atakayekutana na macho ya watu kisimani, na wewe umeshapanda basi. Hilo litazame vizuri.

Unaweza pia kutokusoma bila kukataa. Si lazima sauti iwe moja. Nimeona kumbukumbu ambazo mzee wa gengi alisimulia kazi, mtu wa Msalaba Mwekundu akasimulia kujitolea, na familia ikasema machache ya nyumbani. Kwa mpangilio huo, habari za kubeba wagonjwa zitatoka kwa waliobebwa, si kwa binti wa mwanamke aliyeachwa usiku ule. Wewe ungebaki na pasi ya mkaa na magazeti ya madaftari, mambo ambayo hakuna mwingine uwanjani anayeyajua. Ubaya wake ni kwamba huwezi kuchunga midomo ya wengine, na mama bado atayasikia, isipokuwa kama mmekubaliana mapema nani aseme nini na kwa muda gani.

Na kama ukitaka gharama itajwe bila jeraha kufunuliwa, sentensi moja yaweza kutosha. Kitu kama: "Kila alipotoka usiku kwenda kwa watu, kulikuwa na mtu aliyebaki na sisi, na leo tunamshukuru yeye pia." Wanaojua watajua. Mdogo wako hatadhurika. Lakini msomee mama sentensi hiyo kwanza, na akisema iondoke, iondoke.

Sasa geti, ambalo haliwezi kungoja mwezi ujao. Watu hawagongi kwa kukosa adabu. Wanagonga kwa sababu kwa miaka yote msaada ulikaa hapo, na hakuna aliyewaambia umehamia wapi. Hiyo ni kazi ya uongozi wa kijiji, si ya mjane mwenye presha. Waambieni waitangaze misikitini, makanisani na kwenye mkutano wa kijiji. Kwa mjamzito au aliyejifungua karibuni, au kichanga, ipo namba 115 ya mfumo wa m-mama. Kupiga ni bure, na pale ambapo gari la wagonjwa halipatikani wanatumia madereva wa jamii waliosajiliwa na wanaolipwa. Wagonjwa wengine wapelekwe kwa mwenyekiti wa kitongoji na wahudumu wa afya ngazi ya jamii, kwa namba zilizobandikwa kwenye mlango wa zahanati. Kama wanataka kweli kumuenzi baba yako, utaratibu wa usafiri wa usiku unaofanya kazi una maana sawasawa na jina ukutani, na una haki ya kuwaambia hivyo wakati wanakuomba usome.

Kuhusu mdogo wako kurithi kazi ile: kujitolea ni mojawapo ya kanuni saba za Msalaba Mwekundu, na maana yake mtu anakwenda kwa hiari yake. Kwa hiyo swali la kumuuliza ni kama angeifanya kazi hii hata baba asingeifanya. Huenda angeifanya. Basi aende kupata mafunzo, awe na leseni, ijulikane mafuta yanatoka wapi, na mama asiwe mlinzi wa geti tena. Huenda pia anaifuata pikipiki kwa sababu ndipo anapomhisi baba. Hilo nalo lina heshima yake, ila ni huzuni, na huzuni inahitaji mtu wa kukaa nayo kabla haijapewa ratiba. Halafu kumbukeni pikipiki ni mali ya marehemu. Kama hamjafungua mirathi mahakamani na kupata msimamizi, si kijiji wala mdogo wako anayeweza kuigawa, na mama ana haki zake humo.

Sitakuambia usome au usisome. Ninachokuomba ni uende nyumbani mapema, mkiwa ninyi watatu na mama bila wageni, na umpigie mwenyekiti wa kijiji umwambie bado mnashauriana. Tarehe inaweza kusogezwa wiki moja au mbili. Misa inaweza kusomwa siku yenyewe na mkutano wa uwanjani ukafuata baadaye. Muulize mama anataka kukaa wapi siku hiyo, na nani akae naye. Akisema mbele, mtajua mnazungumza mbele ya nani. Akisema hataki kwenda kabisa, mwenyekiti aambiwe hivyo mapema, kwa heshima, na bila kutoa sababu.